Sili za oili kwenye injini ya dizeli: kuchagua, kufunga na kuzuia zisivuje tena

Sili ni ringi ya mpira inayozuia oili pale shafti inapotokea nje ya injini. Sili mpya ikianza kuvuja baada ya wiki chache, usikimbilie kumlaumu aliyekuuzia. Injini ya dizeli hubana hewa kwa nguvu kuliko ya petroli, na gesi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye sampu, yaani sinia la oili chini ya injini. Gesi hiyo inatakiwa itoke kupitia brida, yaani njia ya kupumulia injini. Brida ikiziba kwa masizi na ute wa oili, presha hupanda ndani ya injini na oili husukumwa nje pale penye kizuizi dhaifu, yaani kwenye mdomo wa sili. Kwa hiyo brida husafishwa au hubadilishwa kabla ya kugusa sili. Ikiwa ni safi na bado kifuniko cha kujazia oili kinarushwa kwa nguvu injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), mara nyingi ringi zimechoka, na hakuna sili itakayodumu hapo.

Hakikisha pia unajua oili inatoka wapi. Upepo huirudisha nyuma na uzito huishusha chini, hivyo tone linaloning'inia kati ya injini na giaboksi huenda limeanzia juu kabisa. Kwenye dizeli nyingi pampu ya vakyumu ya breki imefungwa mwishoni mwa kamshafti, shafti inayofungua valvu. Gasketi yake ikivuja, oili huteremka nyuma ya bloku na watu hushusha giaboksi bure. Kava la tapeti na bomba la kurudisha oili kutoka kwenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) hudanganya vivyo hivyo. Osha injini, ikaushe, iwashe mpaka ipate moto, kisha angalia kwa tochi ukianzia juu.

Sasa spea yenyewe. Sili ina namba tatu, kwa mfano 45x62x8: kipenyo cha shafti, kipenyo cha nje na unene, vyote kwa milimita. Namba zikilingana kazi haijaisha, kwa sababu mpira una aina zake. Nitraili, inayoandikwa NBR, ni ya bei nafuu lakini hukakamaa joto likikaa juu ya nyuzi 100 kwa muda mrefu. Mpira wa ACM huvumilia hadi karibu 150, na wa FKM, ambayo wengi huiita Vitoni, hadi karibu 200. Kwa krenkishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ya dizeli yenye tabo, usishuke chini ya aina aliyoweka mtengenezaji wa injini. Rangi isikudanganye: FKM nyingi ni za kahawia, lakini mtu yeyote anaweza kupaka mpira wa bei rahisi rangi ya kahawia. Angalia pia mshale au mistari ya mshazari karibu na mdomo. Mistari hiyo hurudisha oili ndani shafti inapozunguka upande mmoja tu, hivyo sili ya upande wa pili hugeuka kuwa pampu ya kutoa oili.

Corteco, Elring, Victor Reinz na NOK ni majina yanayoaminika, na ndiyo maana yanaghushiwa. Mdomo wa sili halisi ni mkali na laini mzunguko mzima, bila vipande vya mpira vilivyobaki kwenye ukingo; springi imekaa sawasawa kwenye mfereji wake; namba zimesomeka vizuri. Sili iliyotundikwa kwenye msumari ukutani iache hapohapo, mdomo wake umeshapinda.

Sili ya mbele ya krenkishafti inakaa nyuma ya puli na gia ya mkanda wa taimingi. Toa waya wa betri, weka injini kwenye alama zake na ufunge kamshafti na pampu ya dizeli kwa pini zilizokusudiwa. Pini hizo si za kuzuia krenkishafti unapofungua bolti ya puli, zitakatika. Shika flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya krenkishafti, kwa kifaa chake. Kabla ya kung'oa sili ya zamani, pima kwa venia (kipimo cha milimita) imezama kiasi gani. Kisha toboa tundu dogo kwenye bati la sili, biti ikiwa na grisi ili inase vumbi la chuma, ingiza skrubu na uivute kwa koleo. Bisibisi ikichubua shafti, umejitengenezea uvujaji mpya.

Pitisha ukucha pale mdomo ulipokuwa ukisugua. Ukucha ukinasa, kuna mfereji. Izamishe sili mpya milimita 1 hadi 2 tofauti na zamani, ikiwa nafasi ipo na haizibi tundu la oili, au visha shafti bushi nyembamba ya kurekebishia. Msasa hautaondoa mfereji.

Sili ya mpira hupakwa oili safi kidogo mdomoni. Ya tefloni, isiyo na springi na yenye mdomo mpana, hufungwa kavu kabisa: usiiguse mdomo kwa kidole, na usitoe plastiki yake ya kuongozea mpaka sili iingie kwenye shafti. Maelekezo mengi huitaka ikae saa 4 kabla ya kuwasha. Sukuma sili kwa bomba au soketi inayolingana na ukingo wake wa nje, kidogo kidogo, isilale upande.

Mkanda uliolowa oili haupanguswi, hubadilishwa. Bolti ya puli nayo kwenye injini nyingi ni ya kutumika mara moja, kwa sababu hukazwa kwa Newton mita kisha kwa nyuzi za pembe mpaka ivutike. Fuata kitabu cha injini hiyo. Zungusha injini kwa mkono mizunguko 2 kamili ya krenkishafti na uhakikishe alama zimerudi. Kwenye dizeli nyingi valvu hugonga pistoni taimingi ikikosewa.

Sili ya nyuma inataka kushusha giaboksi, klachi na flaiwili. Kwenye baadhi ya injini za dizeli za Volkswagen sili hiyo huja pamoja na kava na ringi ya sensa, na ringi lazima ikae kwa vipimo kwa kifaa maalum, vinginevyo gari halitawaka. Weka bolti mpya za flaiwili, na kagua klachi na beringi yake wakati umeshafika huko.

Jaza oili, iache injini isailensi dakika 10, angalia kwa tochi, kisha angalia tena baada ya kilomita 50 injini ikiwa bado ya moto. Unyevu mwembamba wa oili uliobaki kwenye vifuniko hukauka wenyewe. Tone jipya linalojikusanya chini ya sili halikauki.