Kabla ya Kufungua Tairi: Maandalizi ya Kubadilisha Pedi za Breki Nyumbani, Pemba

Mwenye gari wa Pemba anayekusudia kubadilisha pedi za breki kwa mkono wake aanze kwa kuhakikisha kwamba spea anayo mkononi, kwani ikikosekana Chake Chake itasubiriwa ije kwa boti kutoka Unguja au Dar es Salaam, na muda wote huo gari litakuwa limesimama uani halina tairi. Yamenifika mimi hayo. Nilifungua kwanza nikaenda dukani baadaye, nikauziwa pedi zilizoandikwa jina la gari langu, kumbe ni fupi kuliko zile za zamani. Siku nne nilipanda daladala.

Magari yetu mengi yameletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na mawili yenye jina moja yanaweza kuwa na breki tofauti. Kwa hiyo inafaa kufungua tairi siku kadhaa kabla, kupima pedi na kuipiga picha, kisha kurudisha tairi na kwenda dukani na picha hiyo pamoja na nambari ya chesisi. Siku hiyohiyo diski nayo, yaani sahani ya chuma inayobanwa na pedi, iangaliwe, kwani mara nyingi unene wa chini unaoruhusiwa huwa umechongwa ukingoni mwake, na diski iliyoliwa kupita kiwango hicho au iliyopasuka haitengenezwi na pedi mpya. Pedi hununuliwa za magurudumu yote mawili, kulia na kushoto, hata kama ni upande mmoja tu uliokwisha.

Linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni mahali pa kulinyanyulia gari. Ardhi yetu ni ya vilima, na wakati wa masika udongo wa uani huwa laini kiasi cha jeki kudidimia taratibu bila ya mtu kutambua, kwa hiyo patafutwe sakafu ya saruji iliyo sawa, au angalau ubao mnene wa kuweka chini ya jeki. Jeki kazi yake ni kunyanyua tu. La kulishikilia gari ni stendi ya chuma. Matofali ya saruji, ambayo wengi wetu huyatumia kwa kuwa yapo tu pembeni mwa nyumba, hupasuka ghafla yakielemewa, wala mawe ya matumbawe si bora kuliko hayo. Magurudumu yanayobaki chini yawekewe vizuizi, hasa unapotengeneza breki za nyuma, maana hapo breki ya mkono huwa imeachiwa.

Hewa ya chumvi huziozesha nati na pini za kalipa, yaani kifaa kinachozishika pedi na kuzibana kwenye diski, hivyo zipuliziwe dawa ya kulainisha kutu tangu jana yake, kwa uangalifu isifike kwenye diski wala pedi. Mafuta ya breki yawe ya namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake, na chupa iwe haijafunguliwa, kwa sababu mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewani: ya DOT 4, mojawapo ya namba hizo, yakiwa mapya huchemka kwa nyuzijoto zisizopungua 230, lakini yaliyoingia maji huweza kuchemka kwa 155, na yakichemka kwenye mteremko mrefu pedali huzama. Viwepo pia vitambaa na maji karibu, kwani pistoni ya kalipa, ile inayozisukuma pedi, ikirudishwa ndani ili pedi mpya zipate nafasi, mafuta huweza kufurika tangini na kubabua rangi ya gari. Vumbi la pedi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Ukiona mafuta yanavuja, au mpira wa breki umepasuka, kazi hiyo mwachie fundi.

Kazi ianze asubuhi, si baada ya Alasiri, ili giza lisikukute na upande mmoja wazi. Na mahali pa kujaribia pachaguliwe mapema, pawe tambarare na mbali na watoto wa skuli. Kabla ya gari kusogea hata hatua moja, pedali ikanyagwe mara nyingi mpaka iwe ngumu, kwa kuwa mikanyago ya mwanzo huenda chini bila ya kushika kitu.