Kuikinga Divai kwa Naitrojeni: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufungua Mtungi

Naitrojeni haiponyi divai iliyokwisha kuharibiwa na hewa. Kazi yake ni kushika nafasi ya oksijeni kabla divai haijafika hapo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika wakati divai ingali imetulia tangini na pampu haijawashwa, na anayeanza kutafuta gesi baada ya kuunganisha mipira ya kupitishia divai huwa amekwisha kuchelewa.

Kwanza ijulikane divai imefika hatua gani. Inapochachuka hutoa kaboni dioksidi yake yenyewe, tena kwa wingi, na hamira huhitaji oksijeni kidogo ili ijijenge, hivyo kuifunika kwa naitrojeni wakati huo ni kupoteza gesi bure. Haja huanza pale uchachukaji unapofifia na divai kubaki bila kinga yake ya asili. Divai nyeupe ndiyo yenye haja kubwa zaidi, kwa kuwa manukato yake hupotea upesi na rangi yake hugeuka kahawia, ilhali nyekundu iliyo changa hunufaika na oksijeni kidogo inayotuliza rangi na kulainisha ukakasi. Mtengenezaji na aamue mapema anachotaka, asifuate kanuni moja kwa matangi yote.

Kuhusu gesi yenyewe, inunuliwe ile iliyoidhinishwa kwa vyakula na vinywaji, kisha ifanyiwe hesabu. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa shinikizo la bar 200 hutoa takribani lita 9,500 za gesi, kiasi kinachoonekana kikubwa mpaka kazi ianze. Naitrojeni ni nyepesi kidogo kuliko hewa, kwa hiyo haitandi juu ya divai kama watu wengi wanavyodhani, bali huchanganyika na hewa iliyopo na kuipunguza polepole. Tuseme tangi lina nafasi wazi ya lita 1,000: ukiingiza lita 3,000 huku mchanganyiko ukitoka, oksijeni hushuka kutoka asilimia 21 hadi karibu asilimia 1, na ukitaka ishuke chini zaidi ya hapo, karibu asilimia 0.15, utahitaji lita 5,000. Nusu ya mtungi imekwenda kwa tangi moja, na italazimu kurudia kila kifuniko kinapofunguliwa. Kwa maoni yangu, kinga iliyo nafuu kuliko zote bado ni kulijaza tangi mpaka juu, na naitrojeni itumike pale tu jambo hilo lisipowezekana.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haiko kwenye tangi lililotulia bali kwenye safari ya kutoka tangi moja kwenda jingine. Mpira mtupu umejaa hewa, pampu imejaa hewa, na tangi linalopokea limejaa hewa. Vyote vitatu vipitishiwe naitrojeni kabla ya valvu ya divai kufunguliwa, na divai iingie kwa chini bila kurushwa wala kumwagika kutoka juu. Zikaguliwe pia washa za viungo, yaani pete za kuziba maungio ya mipira, hasa upande wa pampu unaovuta, kwani washa iliyochakaa hapo haivujishi hata tone moja: inafyonza hewa. Dalili yake ni mkondo wa mapovu madogo madogo yanayopita ndani ya kioo cha bomba, na fundi akiyaona hayo asimamishe pampu, asiongeze gesi.

Kabla na baada ya kila uhamisho ipimwe oksijeni iliyoyeyuka. Divai iliyoshiba hewa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi hubeba takribani miligramu 8 kwa lita, na ikiwa baridi hubeba zaidi, jambo linalofanya uhamishaji wa divai baridi uhitaji uangalifu wa ziada. Kipimo kikionyesha oksijeni nyingi, naitrojeni yaweza kupulizwa ndani ya divai kwa mapovu laini ili kuitoa, lakini mapovu hayo huondoka pia na kaboni dioksidi na sehemu ya manukato, kwa hiyo isifanywe kwa mazoea. Ipimwe vilevile salfa dioksidi iliyo huru, yaani sehemu ya kihifadhi hicho cha divai ambayo bado haijatumika, kwa sababu miligramu 1 ya oksijeni huweza kumaliza takribani miligramu 4 za salfa hiyo, na naitrojeni hairudishi kilichotumika wala haiui vijidudu.

Upande wa usalama hauna mjadala. Matangi mengi ya divai hayakuundwa kuhimili shinikizo, hivyo regulata, kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi, iunganishwe kwenye mtungi na njia ya kutolea gesi iachwe wazi kabla mtungi haujafunguliwa. Naitrojeni haina harufu wala rangi, na mtu anayeingia kwenye tangi lililojaa gesi hiyo huweza kuzirai baada ya kuvuta pumzi chache tu bila kuhisi dalili yoyote. Pawepo king'ora kinacholia oksijeni inaposhuka chini ya asilimia 19.5, na wafanyakazi wote waelezwe wazi kwamba mwenzao akianguka tangini hakuna anayemfuata bila kifaa cha kupumulia, kwani vifo vya waokoaji hutokea hivyo hivyo.

Hatua ya mwisho ni ujazaji wa chupa, ambapo kosa dogo hurudiwa maelfu ya mara. Mililita 5 za hewa chini ya kizibo zina takribani miligramu 1.4 za oksijeni, ambayo kwa chupa ya mililita 750 ni sawa na kuongeza karibu miligramu 2 kwa lita. Chupa zipulizwe naitrojeni kabla ya kujazwa, na tena kabla ya kuzibwa. Chupa za mwanzo, ambazo divai yake imepita kwenye mabomba na chujio zikiwa bado na mabaki ya hewa, zitengwe na kupimwa peke yake kabla hazijachanganywa na nyingine.