Kutoka wastani wa saa moja hadi dakika 3
Ukiwa na wastani wa saa moja wa gesi ya dioksidi ya salfa kutoka dohani ya kiwanda, na unataka kukadiria dakika 3 mbaya zaidi, zidisha kwa 1.8. Hesabu: 60 gawanya kwa 3 ni 20, ipandishe kwa kipeo cha 0.2. Moshi huyumba na upepo, mara unakupitia mara unakukwepa, na wastani wa muda mrefu humeza vilele, yaani nyakati fupi ambapo gesi ni nyingi. Usiitumie kwa harufu wala gesi inayodhuru kwa pumzi moja: karibu na dohani, kilele cha sekunde chache huweza kuzidi wastani mara 10 na zaidi. Hapo tumia kipima gesi kinachosoma kila sekunde. Kipima kizito kuitikia hukata vilele vyenyewe.