Kukadiria Umbali na Muda wa Safari ya Ndege Kati ya Viwanja Viwili vya Uganda

Uganda inapitiwa na ikweta, na jambo hilo humrahisishia kazi yeyote anayetaka kujua umbali wa angani kati ya viwanja viwili vya nchi hii bila kutegemea programu yoyote. Karibu na ikweta, urefu wa digrii moja ya longitudo hulingana karibu kabisa na ule wa digrii moja ya latitudo, yaani kilomita 111 hivi, kwa hiyo kanuni ya Pythagoras tuliyofundishwa shuleni inatosha.

Anza kwa kutafuta latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili, zikiwa katika desimali. Uwanja wa Entebbe uko latitudo 0.04 kaskazini na longitudo 32.44 mashariki, na ule wa Arua uko 3.05 kaskazini na 30.91 mashariki. Tofauti ya latitudo ni 3.01 na ya longitudo ni 1.53. Zidisha kila tofauti kwa 111, upate kilomita 334 na 170, kisha tafuta mraba wa kila moja, ujumlishe, na utafute kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Jibu ni kilomita 375, ilhali barabara ya kutoka Kampala kupitia Karuma hadi Arua huzidi kilomita 450.

Angalia sana upande wa ikweta. Gulu iko 2.81 kaskazini, lakini Kisoro iko 1.28 kusini, kwa hiyo latitudo zao hujumlishwa, hazitolewi. Ukijumlisha, kisha ukaingiza tofauti ya longitudo zao kama kawaida, utapata umbali wa kilomita 535 hivi. Ukitoa, utapata 330, na hesabu yote ya muda itakuwa imeharibika kabla hujaianza.

Muda hutegemea aina ya ndege, na hapa ndipo wengi hukadiria vibaya kwa sababu huchukua kasi ya ndege kubwa. Safari nyingi za ndani hufanywa kwa ndege ndogo kama Cessna Grand Caravan, ambayo husafiri kwa takriban kilomita 315 kwa saa. Gawanya 375 kwa 315, upate saa 1.19, yaani dakika 71, kisha ongeza dakika 10 hadi 15 za ndege kutembea uwanjani, kupaa na kujipanga kutua. Upepo wa mbele wa kilomita 35 kwa saa hupunguza kasi hadi 280, na dakika 71 huwa 80. Msimu wa mvua, hasa alasiri, ongeza tena kidogo, kwani rubani hulizunguka wingu la radi, halipiti katikati.

Kwa ndege ya jeti, kugawanya peke yake kunapotosha zaidi. Entebbe hadi Nairobi ni kilomita 520, na jeti aina ya CRJ900 inayoweza kufikia kilomita 830 kwa saa ingemaliza safari kwa dakika 38, lakini ratiba huonyesha zaidi ya saa moja, kwa kuwa sehemu kubwa ya safari fupi ni kupaa na kushuka, na ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inapoegeshwa tena.

Ukivuka mpaka, kagua saa za nchi unayokwenda. Kigali na Juba ziko nyuma ya Entebbe kwa saa moja, kwa hiyo tiketi inayoonyesha kuondoka Entebbe 10:00, yaani saa nne asubuhi, na kufika Kigali 10:00 ni ya safari ya saa nzima. Wakati wa kurudi, toa saa moja katika tofauti unayoiona kwenye tiketi.