Namna ya Kujifunza Maneno ya Kinahuatl ya Utulivu, Amani na Hekima

Kinahuatl, lugha ya Waazteki ambayo hadi leo ina wasemaji zaidi ya 1,500,000 nchini Meksiko, humfungukia upesi msemaji wa Kiswahili akianza na vitenzi badala ya kukariri nomino.

Anza na mati, yaani kujua. Kiambishi ni- humaanisha mimi, kama chetu, ingawa huo ni mfanano wa bahati tu, na -c- husimamia kinachojuliwa; kwa hiyo nicmati ni "nakijua". Ukitanguliza tla-, kitu chochote kisichotajwa, na kumalizia na -ni ya mwenye mazoea ya kutenda, utapata tlamatini, ajuaye mambo, ambaye ndiye mwenye hekima. Hekima yenyewe ni tlamatiliztli, kwa kuwa -liztli huunda dhana kutokana na kitenzi. Katika kitabu cha 10 cha kazi kubwa ya mtawa Bernardino de Sahagún, ya karne ya 16, tlamatini anafananishwa na mwenge usiotoa moshi.

Kwa utulivu, shika cehui: kupoa, kupumzika, na kwa moto, kuzimika. Ukiunganisha na yol-, shina la moyo, unapata yolcehui, kutulia baada ya hasira. Anayesema "moyo wangu umepoa" amekwisha kulielewa neno hili.

Kwa amani, usihangaike kutafuta nomino moja. Tlamatca ni "kwa utulivu", nemi ni kuishi, na tlamatcanemi ni kuishi kwa amani. Katika nasaha za wazee hupatikana pia jozi ihuiyan, yocoxca, "taratibu, kwa upole", ambayo ni bora uikariri pamoja, kama tusemavyo salama salimini.

Soma x kama sh, hu mbele ya irabu kama w, na c mbele ya e au i kama s. Tl ni sauti moja: ulimi ukae pa t, pumzi itokee pembeni. Mkazo, kama wetu, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho.

Waandishi wengi wa sasa hutumia k, w na s, hivyo nicmati huweza kuandikwa nikmati. Ukifungua kamusi ya Alonso de Molina ya mwaka 1571, tafuta kitenzi kwa shina lake, kama utafutavyo "jua" na si "ninajua". Viambishi vya mtendaji huandikwa baada yake.