Kupata mkutano wa AA Nakuru na Kisumu: someni hapa kabla ya kuja inboksi

Kila wiki swali ni lile lile: "Mkuu, AA hukutana wapi?" AA ni Alcoholics Anonymous, yaani "walevi wasiotajwa majina": watu wanaokutana kusaidiana kuacha pombe. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka utoe loki (unywe tena ndipo itulie), anzia hospitali. Usikate pombe ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Jasho na kutapika huanza siku ya kwanza, kifafa kinaweza kukupata ndani ya siku mbili, na kuweweseka huja baadaye kidogo. Watu hufa hapo. Mkutanoni hakuna daktari. Nenda hospitali ya rufaa, Nakuru au Jaramogi kule Kisumu, na useme kiasi halisi unachokunywa, si "kidogo tu wikendi".

2. Piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Haikati kredo. Uliza vikundi vilivyo karibu nawe. Tovuti ya AA pia ina orodha.

3. Hakikisha mkutano upo LEO. Msiruke hii. Orodha huzeeka. Vikundi havina majengo yake. Vinakaa kwenye kumbi za kanisa au vyumba vya watu, na siku ukumbi una harusi vinahamishwa bila wewe kujua. Bango hakuna. Mimi nilifuata orodha ya zamani nikakuta kufuli, giza linaingia, mlinzi ananitazama kama mwizi wa viti. Kutoka lile geti mpaka stendi ya matatu ni baa tupu, na nilikoishia hamhitaji kuambiwa. Kwa hivyo tafuta namba ya mwanakikundi, umpigie siku hiyo hiyo, uulize geti lipi, mlango upi. Muombe mtu akupokee stendi. Weka bando kwenye simu: mlango ukiwa umefungwa, mikutano ya Zoom ipo saa zote. Na usimwambie mtu wa boda "nipeleke AA". Atakushusha shule ya udereva, ile AA ya magari. Taja ukumbi.

4. Uliza kama mkutano ni wa wazi au wa ndani. Wa wazi yeyote anaingia, hata mke au ndugu. Wa ndani ni wa wenye tatizo la pombe pekee.

5. Fika mapema, jina moja latosha, na si lazima useme neno. Kikapu kikipita, toa ulichonacho au upitishe.

MASWALI

Otis_Kondele: Kiingilio ni ngapi?

Soma namba 5.

Otis_Kondele: Nauliza tu, mbona ukali? Rehab waliniitisha pesa ndefu.

Rehab ni rehab. AA haina ada, na haipokei pesa za watu wa nje. Ukiitishwa "ya usajili", toka.

Mkulima Njoro: Hiyo si ni kanisa tu limebadilisha jina?

Hapana. Dua ipo na Mungu anatajwa, "kama tunavyomwelewa sisi". Nimekaa na Waislamu na wasioamini chochote. Kukodi ukumbi wa padri hakukufanyi mkatoliki.

Mama Shiro: Samahani kaka, mimi si mnywaji, ni mume wangu. Nimsukume vipi aende?

Dada, kumsukuma hakusaidii sana. Atakaa nje ya geti akusubiri uondoke. Lakini wewe mwenyewe una mahali: Al-Anon, ilianzishwa 1951 kwa ajili ya familia za walevi. Huko hawakufundishi kumdhibiti, wanakusaidia wewe upumue. Mikutano yake ikikosekana karibu, ingia kwa Zoom. Na akikubali siku moja, mpeleke mkutano wa wazi, mkae wote. Akitetemeka, namba 1 kwanza.

jamaa_58: Tuma namba ya mtu wa AA hapa.

Siwezi kuanika namba ya mtu hadharani. Hicho kikundi kinaitwaje tena? 1192.

Nyar Seme: Na kama leo nimeshaonja? Nangoja mpaka niwe safi?

Usingoje, ndugu yangu. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, hamu ya kuacha kunywa. Haliulizi umekunywa saa ngapi. Kaa nyuma, usifanye fujo, sikiliza. Baada ya mkutano baki kwa chai; mipango ya kweli hufanyika pale. Ukisikia mtu anasema maneno yako, muombe namba. Huyo anaweza kuwa sponsa wako, mwanachama mzoefu wa kukushika mkono.

Nyar Seme: Asante. Kiingereza changu ni cha kuokoteza.

Wengi huchanganya. Sema Kiswahili, utajibiwa Kiswahili.

Wekesa wa Bungoma: Mkutano nimeupata. Shida ni matanga. Busaa inaletwa mpaka mkononi, ukikataa wazee wanasema unawadharau.

Hapo omba kazi mapema. Mwenye kuandika michango au kuelekeza magari hapewi kikombe.

Mama Shiro: Ama ushike soda yako ikiwa imejaa wakati wote. Mkono mtupu ndio hujaziwa.

Wekesa wa Bungoma: Na usiku?

Usilale matanga mwaka wa kwanza. Zika, salimia wafiwa, panda gari kabla ya disko kuanza.