SOMO: Fimbo za gofu za kupimiwa, zikae muda gani kabla ya kubadilisha? (Pima kwanza, kanunue baadaye)

Wakuu habari zenu. Swali ni lile lile kila wiki: "Seti yangu ya kupimiwa (fimbo zilizotengenezwa kwa vipimo vya mchezaji mwenyewe) ina miaka kadhaa, nibadilishe?" Anauliza wa klabu ya Gymkhana, anauliza wa Usa River, anauliza wa uwanja wa TPC, na kila mmoja hutaka ajibiwe kivyake. Naliandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Seti haina umri mmoja. Gripu (sehemu ya kushikia) huisha kwanza, weji (fimbo za mapigo mafupi ya kuinua mpira) hufuata, halafu vipimo vya mwili wako mwenyewe, na aironi (fimbo za kichwa cha chuma zenye namba) huja nyuma kabisa. Draiva (fimbo ya mapigo marefu kuliko zote) hudumu mpaka ipasuke, na pata (ya kusukumia mpira shimoni) karibu haiishi. Anayebadilisha begi zima kwa sababu tu ya miaka anatupa vitu vizima, na mara nyingi tatizo analihamishia kwenye fimbo mpya, kwa kuwa kilichobadilika ni yeye.

Hatua ya 1. Tafuta karatasi ya vipimo: urefu, lofti (mlalo wa uso unaogonga mpira), lai (nitaieleza hatua ya 7), ugumu wa shafti (mpini), unene wa gripu. Ukiipoteza, muombe aliyekupimia.

Hatua ya 2. Osha fimbo zote kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki, kisha zikaushe.

Hatua ya 3. Hesabu raundi, achana na miaka. Raundi ni mashimo 18, kwa hiyo ukicheza 9 ni nusu. Mazoezi nayo yanahesabiwa: ndoo moja ya mipira ni angalau raundi moja kwa ile fimbo uliyoishika.

Hatua ya 4. Gripu. Kila raundi 40 au mwaka mmoja, kinachotangulia. Ikiwa inang'aa, imekuwa ngumu, au kidole gumba kimeacha shimo, imekwisha. Gripu inayoteleza hukufanya ukaze mikono, na mtu aliyekaza mikono hujiona ana fimbo mbovu. Wengi wanaodhani wanahitaji aironi mpya wanahitaji gripu 13 na chupa ya tapentaini.

Kwenye shafti ya grafaiti, usikate gripu ya zamani kwa wembe ulionyooka wala kisu cha jikoni. Tumia wembe wa ndoano, kata ukisukuma kwenda mbele, mbali na mwili. Ukichana nyuzi za grafaiti umetengeneza ufa, na shafti itakatikia hapo siku ya swingi kali (swingi ni ule mzunguko wa kupiga mpira). Shafti ya chuma haina shida hiyo.

Hatua ya 5. Weji. Pitisha ukucha kwenye mifereji ya uso. Ukucha ukiteleza bila kukwama, mifereji imelika. Kwa anayefanya mazoezi ya banka (mashimo ya mchanga uwanjani), weji ya mchanga huanza kupoteza mzunguko wa mpira kati ya raundi 75 na 125. Ile weji iliyokuja na seti, unayopigia swingi kamili tu, hudumu zaidi. Badilisha iliyochakaa peke yake.

Hatua ya 6. Umbali. Hapa ndipo watu wanapopotea, na wanapoteza hela nyingi, kwa hiyo soma polepole.

Pima umbali wa hewani, yaani mahali mpira unapotua mara ya kwanza. Usipime mahali unaposimama. Wakati wa kiangazi ardhi yetu inakuwa ngumu na mpira unaviringika mbali hata kama fimbo imepoteza lofti yake; masika ikija mtu anashtuka kwamba fimbo "zimekufa" ghafla. Piga mipira 10 kwa kila aironi, toa 2 mibaya kabisa, chukua wastani wa 8. Tumia mipira ya aina moja unayochezea. Mipira ya mazoezi iliyochakaa huenda karibu zaidi na itakupa jibu la uongo.

Halafu kuna mwinuko. Arusha mjini ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na kila mita 300 za mwinuko huongeza umbali kwa asilimia 1 na kidogo. Kwa hiyo hapa unapata asilimia 5 zaidi ya mtu wa pwani. Aironi 7 inayokwenda yadi 150 Arusha itakwenda kama 147 Moshi na 142 Dar es Salaam, bila kitu chochote kuharibika. Kabla hujalinganisha na karatasi ya vipimo, jua mambo mawili: ulipimiwa wapi, na je, mashine iliwekwa isome kama uko usawa wa bahari? Karatasi ya Nairobi au Johannesburg, miji iliyo juu kuliko Arusha, itakuonyesha umepungua hata kama hujapungua. Ya Dar itakuonyesha umeongezeka. Usinunue fimbo kwa sababu ya tofauti ya hewa.

Kinachoonyesha kasoro ya kweli ni nafasi kati ya fimbo na fimbo. Kati ya aironi moja na inayofuata panatakiwa yadi 10 hadi 15. Kama aironi 7 na 8 zinatua pamoja, au kuna pengo la yadi 20 mahali fulani, lofti imehama. Digrii 1 ya lofti ni takriban yadi 3 au 4. Aironi za chuma laini kilichofuliwa huhama kwa kupigwa kwenye ardhi ngumu na mikeka. Zipelekwe kwenye mashine ya kupimia lofti na lai kila mwaka. Zinakunjwa zinarudi sawa, hazihitaji kutupwa. Zile za kumimina kwenye kalibu ni ngumu zaidi: hazihami kirahisi, na fundi akizilazimisha kupita digrii 2 zinaweza kukatika shingoni.

Hatua ya 7. Lai. Hii ni pembe kati ya shafti na ardhi. Chora mstari mnene wima nyuma ya mpira kwa kalamu ya ubao mweupe, elekeza mstari kwenye uso wa fimbo, piga swingi yako ya kawaida. Mstari utajichapa usoni. Ukiwa wima kabisa na mifereji, lai ni sawa. Kichwa cha mstari kikilalia upande wa ncha, fimbo imesimama mno na kwa mtu wa mkono wa kulia mpira huenda kushoto. Kikilalia upande wa shafti, fimbo imelala mno, mpira huenda kulia. Rudia mara 5, ukifuta uso kila mara. Pigo moja halithibitishi kitu.

Hatua ya 8. Draiva na shafti. Angalia uso na paji (juu ya kichwa) la draiva kwenye mwanga mkali. Nyufa, sauti iliyobadilika, umbali ulioshuka ghafla: imekwisha. Bila hayo iache. Kikomo cha kisheria cha uso kuurudishia mpira nguvu ni 0.83 kwa wachezaji wote tangu 2008, kwa hiyo draiva mpya haiwezi kukupa muujiza wa yadi 30. Shafti za chuma zikague kutu karibu na kichwa, za grafaiti mikwaruzo mahali zinaposuguana na mdomo wa begi.

Hatua ya 9. Wewe mwenyewe. Kapimwe upya, hata kama fimbo zinang'aa, ikiwa kasi ya swingi imebadilika kwa maili 5 kwa saa au zaidi, umeumia mgongo au bega, umebadilisha swingi na mwalimu, au uzito wa mwili umebadilika sana. Bila sababu hizo, kila miaka 3 yatosha. Kapimwe na fimbo zako za sasa mkononi. Mpimaji asiyetaka kuona unazotumia sasa anataka kuuza tu.

Aironi zilizopita hatua zote hizi zikae miaka 7, zikae 10. Maswali karibuni.

---

Chalii wa Sakina: Mkuu zangu zina miaka 5. Ninunue mpya au?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Chalii wa Sakina: Umeandika ndefu sana, taja tu miaka.

Mwandishi: Haipo. Raundi ngapi, gripu zikoje, aironi 7 na 8 zinatua wapi? Lete hayo matatu nitakujibu.

Mzee wa Shanty Town: Vijana, muuzaji mmoja aliniambia kila miaka 3 lazima seti nzima. Naona hapa mnapingana naye.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Miaka 3 ni muda mzuri wa kupimwa upya. Kununua ni jambo jingine. Wewe unacheza mara ngapi kwa wiki, na unapigia wapi?

Mzee wa Shanty Town: Marahaba. Mara moja, Moshi Club. Draiva inanichosha siku hizi, mpira hauinuki.

Mwandishi: Basi mzee usiguse aironi kwanza. Mpira usioinuka kwa mtu ambaye kasi imepungua kwa kawaida ni shafti ngumu mno au lofti ndogo. Kama draiva yako ina shingo ya kurekebisha, ongeza digrii 1 au 2 ujaribu bure. Ikishindikana, omba ujaribu shafti laini zaidi kwenye kichwa hicho hicho. Kubadilisha shafti moja ni gharama ndogo kuliko draiva nzima.

Kedi Ngaramtoni: Kaka, gripu tunabadilisha wenyewe hapa, lakini wengine wanatumia petroli kulainisha gundi ya tepu. Ni sawa?

Mwandishi: Swali zuri. Inafanya kazi, lakini mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo, na wengi wanafanyia karibu na jiko au sigara. Mafuta ya taa yanabaki na ulaini, gripu itazunguka mkononi. Chukua tapentaini duka la rangi. Zungushia shafti tepu ya pande mbili, mimina tapentaini ndani ya gripu huku umeziba tundu la juu kwa kidole, tikisa, mwagia tepu yote, sukuma gripu kwa mkupuo mmoja. Ukisita katikati inanasa. Nyoosha alama za gripu ndani ya dakika moja, acha usiku mzima.

Kedi Ngaramtoni: Na ile ya upepo wa gereji?

Mwandishi: Nayo ni nzuri. Tepu ya karatasi ya kawaida ya wapaka rangi, tabaka moja, gripu inapandishwa kwa upepo wa kompresa kupitia tundu la juu. Kaza gripu kwa kiganja isivimbe kama puto, kwa sababu ikivimba inapasuka, na vaa miwani. Faida yake unaweza kuchezea saa hiyo hiyo, na kuitoa ikiwa nzima.

Mama Njiro: Mwanangu ana miaka 12, alipimiwa mwaka jana. Ameshapita kimo changu. Je, mtoto naye raundi 40?

Mwandishi: Dada, kwa mtoto raundi si kipimo, kipimo ni kimo. Mpime kila miezi 6: urefu wake, na kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni akiwa amesimama wima na viatu vya gofu. Akiongezeka sentimita 5 hadi 7, fimbo zikaguliwe. Shafti inaongezwa kipande juu, inchi 1 haina tatizo. Jua tu kila nusu inchi unayoongeza inaifanya fimbo isimame kama digrii 1 zaidi, kwa hiyo lai iangaliwe siku hiyo hiyo. Usimnunulie za kukulia. Fimbo ndefu na nzito inamfundisha swingi mbaya ambayo itachukua muda mrefu kuiondoa.

Usa River 18: Nimeuziwa seti ya kupimiwa ya mtu mrefu, mtumba. Nimeshakata inchi 1 zote. Sasa naona kichwa hakina uzito, fimbo imekufa.

Mwandishi: Haijafa, umeondoa uwiano wa uzito. Ulikata upande gani?

Usa River 18: Juu, chini ya gripu.

Mwandishi: Afadhali. Ukikata inchi 1, kichwa huhisi chepesi sana kwenye swingi. Bandika utepe wa risasi nyuma ya kichwa, gramu 2 kwa wakati, mpaka uhisi umerudi. Pengine itafika gramu 8 au zaidi. Gripu nyepesi nayo inasaidia. Kisha fanya hatua ya 7, kwa sababu fimbo iliyofupishwa inalala zaidi na mpira utakimbilia kulia.

Chalii wa Sakina: Nimerudi. Raundi kama 150, gripu zinang'aa, aironi 7 yadi 148, aironi 8 yadi 136. Weji ya mchanga ukucha unateleza.

Mwandishi: Safi sana, sasa tunaongea. Aironi ziko vizuri, zishike. Gripu zote na weji moja. Ikibaki hela, kapimwe lai.

Kedi Ngaramtoni: Na weji iliyolika, ile kalamu ya chuma ya kuchonga mifereji upya?

Mwandishi: Ya kutoa uchafu ni sawa. Ya kuchonga chuma, hapana kwa mashindano. Sheria inaruhusu fimbo iliyochakaa kwa matumizi ya kawaida, ila ukibadilisha uso kwa makusudi na mifereji ikavuka vipimo, fimbo hiyo hairuhusiwi. Baada ya masika piga mswaki mifereji kila baada ya shimo, matope yakikaukia humo mpira hauzunguki hata kwa weji mpya.